Mjadala: Je, ni Moto wa Kigiriki uliookoa Konstantinopoli mwaka 717–718?

Mtoa mada: Wakuu, kila ukitajwa mzingiro ule wa Waarabu dhidi ya Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wa Mashariki (Wabizanti), sifa zote hupewa Moto wa Kigiriki, silaha ya mafuta yanayowaka aliyokuja nayo Kallinikos, mkimbizi kutoka Syria, miaka ya 670. Napinga. Jeshi la Maslama, kamanda wa Waarabu, lilikwama kwenye kuta za Theodosius, ngome za mji upande wa nchi kavu, ambako moto wa melini haukufika. Theluji ikafunika ardhi siku 100, kama alivyoandika Theophanes, mwanahistoria wa Kibizanti, watu wakala farasi na ngamia wao, na Wabulgaria wakawashambulia. Moto hapo umefanya nini?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, njaa umeitaja, ila hukusema ilitoka wapi. Septemba 717 meli nzito za kikosi cha nyuma cha Waarabu, zimejaa askari, ziliishiwa upepo na mkondo wa mlango-bahari wa Bosporus ukazirudisha. Warumi wakazivamia. Hebu vuta picha: mafuta yamepashwa moto, pampu inayasukuma kwenye bomba la shaba lililoelekezwa kwa adui, yanatoka yakiwaka, yakidondokea baharini yanaendelea kuwaka. Wenzao hawakuthubutu tena kufunga njia ya Bahari Nyeusi, na mji ukaendelea kula. Mwaka uliofuata meli za shehena kutoka Misri zilijificha upande wa Asia kwa kuuogopa moto huo huo.

Mchangiaji wa pili: Na nani alitoboa zilikojificha? Mabaharia Wakristo wa Misri, waliotoroka usiku kwa mashua wakakimbilia mjini. Bila wao Kaisari Leo III angechoma nini? Tena silaha yenyewe ilipiga karibu tu, na bahari ikichafuka haikufaa. Mwaka 812 Krum, mtawala wa Wabulgaria, aliteka mabomba 36 pamoja na mafuta yake, na hatusomi popote kwamba yalimpa ushindi.

Mchangiaji wa kwanza: Krum aliteka vyombo, hakuteka mafundi. Angalieni mwaka 941: Igor, mtawala wa Kiev, amekuja kuushambulia mji, manowari za Warumi ziko mbali, zikakarabatiwa meli kuukuu 15 na kufungwa mabomba. Watu wa Igor walijirusha majini, heri kuzama kuliko kuungua. Ukuta uko wapi hapo? Theluji iko wapi?

Mtoa mada: Ya 941 sina ubishi nayo, Igor alikuja na mashua ndogo. Mimi nauliza kuhusu Maslama. Tuseme chakula chote kingemfikia: angeuvukaje ukuta ule? Mwenye jibu aje nalo.