Mrejesho: nimepiga ultrasaundi ya ini

Mimi ndiye niliyeuliza kama kuna haja ya kupima ini kila miezi 6, maana nina VVU na homa ya ini B, naendelea vizuri na dawa, na kipimo nilishakiruka mara mbili.

Basi nimeenda. Daktari hakunigombeza, alizungushia tu duara tarehe nilizoruka kwenye kadi. Akanieleza kuwa tenofovir ninayomeza inabana virusi vyote viwili na kupunguza hatari ya saratani, ila haiifuti. Na homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata ini likiwa halina makovu. Hapo ndipo nilipojidanganya, nikidhani pasipo maumivu hakuna tatizo. Kumbe uvimbe ukiwa mdogo hauumi, na ndio wenye nafasi nzuri ya kutibika.

Kipimo chenyewe dakika chache: jeli ya baridi, “vuta pumzi, ibane”, imekwisha. (Nilikuwa nimefunga, kilichoniuma ni njaa.) Hakuna uvimbe.

Tarehe ijayo tumeiunganisha na siku ya kuchukua dawa, maana safari mbili ndizo zilizokuwa zinanishinda. Mliosisitiza niende, asanteni sana.