Rede inataka watu watatu tu, sasa fomu na mgeni rasmi ni vya nini?

Ndugu zangu, nimejizuia wiki tatu nisiandike haya, lakini jana nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, hapa Sinza, kwa kosa la "kuitisha mchezo bila idhini", na sioni tena sababu ya kunyamaza.

Kundi hilo tulilianzisha majirani sita, watu wazima wenye kazi na familia, kwa jambo moja tu, kuitana tukacheze. Watoto huitana kwa mluzi getini. Mtu wa miaka arobaini akipiga mluzi kwenye geti la jirani ataitiwa mlinzi, kwa hiyo simu ndiyo ikawa mluzi wetu. Aliyewahi kutoka kazini aliandika "nipo kiwanjani", na aliyekuwa karibu alivaa kandambili akaja. Jioni ya kwanza tulicheza rede mpaka adhana ya magharibi: mpira wa soksi uliojazwa matambara, wawili wakirusha kutoka pande mbili, mmoja katikati akikwepa huku akijaza chupa mchanga. Mama mmoja, ambaye kwa miaka yote nilikuwa nikimpungia mkono tu kupitia dirisha la gari, aliijaza chupa, akaimwaga, akaijaza tena, sisi warushaji tukiwa hoi. Siku za mvua tulijibanza barazani kwa mzee wa bao, ambaye alitufunga mkononi kila mara, yaani kabla hata hatujamaliza kunamua, kule kuingiza ubaoni kete za mkononi, kisha akazipanga upya zile kete 64 bila kusema neno. (Mhasibu mmoja alicheza kombolela akajificha nyuma ya tangi la maji, kitambi kilimsaliti.)

Kisha wakaja maadmini wapya. Kwanza ilikuwa fomu ya kujiandikisha, ikafuata ada ya shilingi 10,000, halafu jezi, halafu kanuni kwamba anayetaka mchezo aombe saa 48 kabla. Mtu anajuaje saa 48 kabla kwamba bosi wake atamwachia mapema na foleni ya Morogoro Road haitakuwepo?

Jumamosi iliyopita walituita saa tisa alasiri. Tulikaa chini ya turubai, tukiwa na jezi zetu, tukimsubiri mgeni rasmi ambaye alifika saa kumi na mbili kasoro, akahutubia kuhusu umuhimu wa mazoezi kwa watu waliokuwa wamekalishwa vitini kwa muda wa karibu saa tatu. Rede ilichezwa robo saa, tena ikasimamishwa mara mbili ili mpiga picha apate pembe nzuri. Yule mama hakuitwa katikati hata mara moja, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha.

Wananiambia eti kundi limekua, limefika watu mia tatu. Limekua kwa lipi, ikiwa Jumatano niliandika "nipo kiwanjani" nikapata vidole gumba arobaini na moja, na asitokee mtu hata mmoja?

Ada yangu nirudishiwe, na jezi waifuate wenyewe, nimeitundika getini. Mimi niko kiwanjani palepale tangu saa kumi na moja. Mpira ninao, chupa ninayo, wanatakiwa wawili.