Moyo umesimama barabarani: utafiti ufanyike kabla ya ridhaa?

Mleta mada: Wakuu, salaam kutoka Chikongola, Mtwara. Mtu akidondoka moyo umesimama, dakika ni chache na kusaini hawezi. Je, watafiti wamuingize kwenye utafiti kwanza, ridhaa iombwe baadaye?

Uingereza walifanya hivyo, 2014 hadi 2017. Wagonjwa zaidi ya 8,000 wa nje ya hospitali: nusu walichomwa adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, na mhudumu wa ambulensi mwenyewe hajui kabeba ipi. Majibu yalitoka 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 3.2 kwa adrenalini, 2.4 kwa maji ya chumvi. Ila kati ya walionusurika hadi kutoka hospitali, walioathirika vibaya ubongo ni asilimia 31 upande wa adrenalini, 17.8 upande wa pili.

Mimi naunga mkono. Dawa hiyo ilichomwa miaka na miaka kabla hilo halijajulikana. Watu walikuwa wanajaribiwa vilevile, tofauti hakuna aliyekuwa anaandika. Sharti langu: uitwe mkutano wa mtaa, siyo mwenyekiti kugonga muhuri sebuleni kwake.

Kijana wa Shangani: Napinga. Baba yangu achomwe maji ya chumvi, halafu niletewe karatasi akiwa kitandani? Nitamkunja mtu shati.

Mleta mada: Mkuu, kifua kilikandamizwa kwa wote, na waliohitaji kushtuliwa moyo kwa umeme walishtuliwa, pande zote mbili. Na asiyetaka kushiriki aliweza kuomba bangili ya kukataa, akaivaa.

Bi Mikindani: Bangili! Huko ambulensi ilifika, mwanangu. Mzee akianguka kwenye mikorosho huku Nanyamba anapakiwa bodaboda mshikaki, dereva mbele, mtoto nyuma, kichwa kinaning'inia. Kifua atakikandamiza nani? Waanze kuhesabu: wanaanguka wangapi, nani alikuwepo, alifanya nini.

Mleta mada: Bi, nakubali, lakini kuhesabu nako ni utafiti. Marehemu kashazikwa, unamfuata mjane akiwa eda umuulize mumewe alivyoanguka? Na ruhusa inatoka kwake au kwa mjomba wa marehemu? Sisi Wamakonde unatujua, mjomba ana sauti.

Bi Mikindani: Mjomba aarifiwe, lakini aliyeona ni mke. Eda haimzuii kuongea na mwanamke mwenzake. Watume mama wa kijiji hicho hicho, siyo kijana na tableti yake. Sasa niambie, huyo mama posho yake mmeipangia fungu gani?