Mwaka wa kwanza chuo kikuu: nipunguze usingizi au nipunguze kazi?

Mgeni wa Chuo

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na muhula wangu wa kwanza umefika katikati. Nina kozi sita, na kila mhadhiri anafundisha kana kwamba kozi yake ndiyo pekee tuliyo nayo: kuna usomaji wa kila wiki, kazi za kukusanya, semina za kuandaa, na majaribio ambayo aghalabu huangukia wiki moja. Nilipokuwa sekondari, kengele na walimu ndio walionipangia siku. Hapa hakuna anayeniuliza niko wapi wala nimesoma nini. Kwa hiyo nimekuwa nikisoma hadi saa nane au saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili kwa ajili ya mihadhara ya asubuhi, ambako naisikia sauti ya mhadhiri bila kuelewa anachosema. Usiku ninaojaribu kulala mapema ndipo moyo unapoanza kwenda mbio, nikikumbuka kila nisichokimaliza, na usingizi unaruka.

Wenzangu wa hosteli wanaonekana kuyamudu haya, na wengine husema waziwazi kwamba saa nne za usingizi zinawatosha. Naomba kujua: kati ya usingizi na kazi, kipi kipungue kwanza? Je, hofu hii ni ya kawaida kwa mgeni wa chuo, au ni dalili ya jambo linalohitaji msaada?

Mwalimu wa Fiziolojia

Mwanangu, pole kwa uchovu, na ahsante kwa kuuliza mapema. Jibu langu ni kwamba usingizi usiuguse, kwa sababu ni sehemu ya kazi yenyewe ya kujifunza. Uliyoyasikia mchana hayajatulia bado katika kumbukumbu; ubongo huyapitia na kuyaimarisha ukiwa umelala, na kila hatua ya usingizi ina mchango wake. Usingizi mzito hutawala nusu ya kwanza ya usiku, ilhali usingizi wa ndoto huwa mwingi zaidi kuelekea alfajiri. Anayelala saa tisa na kuamka saa kumi na mbili hukatisha usiku wake kabla sehemu hiyo ya pili haijapata nafasi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na vijana wa umri wako mara nyingi huhitaji zaidi ya hizo.

Kuhusu wenzako wanaosema saa nne zinawatosha, kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ambao ningependa kila mwanafunzi aufahamu. Watu wazima wenye afya walizuiwa kulala zaidi ya saa 4 au saa 6 kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku baada ya siku hadi wakafanana na watu waliokesha usiku mmoja au miwili bila kufumba macho, lakini wenyewe walipoulizwa walijiona wamechoka kidogo tu. Anayekosa usingizi kwa muda mrefu hupoteza hata uwezo wa kupima hasara anayoipata. Wenzako hawakudanganyi, wanasema wanavyojisikia, na kujisikia huko si kipimo.

Vilevile usijione mvivu kwa kuwa usingizi unakujia umechelewa. Saa ya mwili husogea mbele katika ujana na kufikia kilele chake karibu na umri wa miaka 20. Unaweza kuirudisha nyuma kidogo kidogo kwa kuamka saa ileile kila siku, hata siku za mapumziko, na kutoka nje upate mwanga wa asubuhi. Kahawa iwe ya asubuhi tu, kwa kuwa saa tano hivi baada ya kunywa, takribani nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini.

Dada wa Mwaka wa Nne

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu usingizi, ila kwa heshima naona hajagusa mzizi. Mwanafunzi hakeshi kwa kuupenda mkesha. Anakesha kwa sababu kazi haijaisha. Akiambiwa alale bila kuonyeshwa kazi inakwenda wapi, atalala siku mbili na ya tatu atarudi palepale, safari hii akiwa na deni kubwa zaidi.

Mdogo wangu, anza kwa hesabu. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku zinabaki 112, na humo zimo mihadhara, kufua, kula, kuoga, ibada, mazungumzo na safari za kwenda na kurudi. Kwa muda wa wiki moja andika unachokifanya hasa kila saa, bila kujipendelea. Wengi wetu tukifanya hivyo tunagundua kwamba saa za usiku zinalipia saa za mchana zilizopotea vipande vipande kati ya kipindi na kipindi, simu ikiwa mkononi. Saa moja na nusu ya mapumziko kati ya mihadhara miwili, ukiitumia maktaba, ina thamani kuliko saa tatu za baada ya saa sita usiku.

Pili, usiamini makadirio yako. Watafiti waliwahi kuwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza lini. Kwa wastani walitaja siku 34, na kazi ikawachukua zaidi ya 55. Nami hukadiria muda wa kazi kisha nikaongeza nusu yake, na ndivyo ninavyojua mapema wiki ipi haitanitosha. Wiki ya namna hiyo ndiyo ya kumwendea mhadhiri, siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, umweleze kwamba una majaribio matatu kwa pamoja na umuulize kama upo uwezekano wa kuongezewa muda. Anayekwenda mapema husikilizwa kuliko anayekwenda kazi ikiwa imeshachelewa.

Tatu, na hapa ndipo naona mzigo wako unapoweza kupungua hasa: si kila kilichomo katika orodha ya usomaji kinasomwa kwa kina kimoja. Muulize mhadhiri yapi ni ya lazima. Mengine soma utangulizi na hitimisho, uchukue hoja, uendelee. Kisha acha kusoma tena na tena ukurasa uleule. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipojaribiwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama waliwashinda kwa mbali. Funga daftari, andika unachokikumbuka, ulifungue uone ulichokisahau. Inachosha zaidi kwa nusu saa, lakini inakuokolea usiku mzima.

Mgeni wa Chuo

Mwalimu, dada, nawashukuru sana. Nimeanza kuandika saa zangu, na tayari naona zinakopotea. Bado nasumbuliwa na mambo mawili: nifanye nini usiku ninapojilaza na moyo kwenda mbio? Na kama jaribio ni kesho nami sijamaliza, je, siku hiyo moja nikeshe?

Mshauri wa Wanafunzi

Nami nikaribishwe. Kabla ya kupanda kitandani, kaa mezani kwa dakika tano uandike kila kinachokusubiri kesho na siku zinazofuata, kimoja kimoja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba walioandika kazi zinazowasubiri walipata usingizi takribani dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Ukijilaza na kuona dakika kama 20 zimepita uko macho, usishindane na usingizi: ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu lisilo na simu, urudi macho yakiwa mazito. Usisomee kitandani, ili mwili usizoee kupahusisha mahali pale na mitihani. Vidonge vya usingizi vya kupewa na rafiki usivikubali.

Sasa kuhusu hofu. Msongo unaopanda jaribio linapokaribia na kushuka likishapita ni wa kawaida, na kiasi kidogo chake humsaidia mtu kukusanya nguvu. Nitakuwa na wasiwasi nawe ikiwa hofu haishuki hata wiki ikiwa nyepesi, ikiwa kwa majuma mawili hivi huna hamu ya kula wala ya mambo uliyoyapenda, au ikiwa umeanza kukwepa mihadhara na watu. Hapo nenda kwenye ofisi ya ushauri nasaha ya chuo au kwa daktari, hata kama unadhani jambo lako ni dogo. Hatumfukuzi mtu kwa kuja mapema mno. Likikujia wazo la kujidhuru, usilale nalo. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyohiyo, akusindikize mahali pa kupata msaada.

Mwalimu wa Fiziolojia

Dada amenikosoa kwa haki, na nusu yake ya jibu ni ya lazima. Kuhusu mkesha wa siku moja, utafiti wa mwaka 1997 ulikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, nawe ukiamka saa kumi na mbili asubuhi unakifikia kiwango hicho saa tano usiku. Kwa hiyo jiwekee saa ya kufunga vitabu. Katika muda uliobaki chagua mada mbili au tatu zenye alama nyingi, jipime kwa namna aliyokueleza dada yako, na zile ambazo hukuzifikia uziache. Ukitaka kuongeza saa moja, iongeze alfajiri baada ya kulala.