Tupeane uzoefu: Samaki wa kuletwa kwenye fukwe, mitaro na vinamasi vya mjini Uganda. Unawatambuaje, unawanasaje?

Mshipi wa Luzira (mwanzisha mada)

Habari zenu wana uvuvi. Wikendi yoyote ukipita Port Bell, Ggaba au Munyonyo utawakuta vijana kwa wazee wamejipanga ukingoni, kila mmoja na mshipi wake. Samaki yeyote wa jamii ya perege akitoka majini anaitwa ngege, anatupwa kwenye ndoo, mazungumzo yamekwisha. Mimi naona tunapoteza jambo kubwa hapo.

Sehemu kubwa ya samaki tunaowavua Kampala si wa asili ya Ziwa Victoria. Sangara, yaani mputa, sato wa Nile mwenye mistari mkiani, yule mwenye tumbo jekundu na yule mweusi wa madoa meupe, wote waliingizwa kuanzia miaka ya 1950. Ngege wa asili alikuwa ameshapungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, wakaletwa hawa wazibe pengo. Kufika miaka ya 1980 sangara alikuwa ameshatawala, na aina nyingi sana za nkejje, samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Mwanza wanawaita furu, zikatoweka. Ngege wa asili leo unamtafuta kwenye vijiziwa vya pembeni, hasa upande wa Ziwa Kyoga.

Kwa hiyo mtu akimvuta ngege halisi au mbiru, perege mwingine wa asili ya ziwa hili, hapa mjini, nataka amjue kabla hajamtoa matumbo. Tuelezane: unavulia wapi, unatumia nini, na unaangalia nini mwilini mwa samaki? Sitaki nadharia, nataka mikono iliyolowa.

Kijana wa Ggaba

Kaka, mada imekuja wakati wake. Mimi naanzia mkiani. Namlaza samaki kwenye ubao uliolowa, nalifungua pezi la mkia kwa vidole viwili na kulielekeza juani. Sato wa Nile ana mistari myembamba ya kusimama, imepangana vizuri kutoka shina la mkia mpaka ukingoni. Hata akiwa mdogo wa kiganja inaonekana. Ngege wa asili hana mistari hiyo. Mbiru naye hana, na dume lake lina ukingo wa rangi ya chungwa juu ya pezi la mgongo.

Wa tumbo jekundu anajulikana kwa kifua: wekundu unaanzia chini ya koo na kushuka tumboni, wakati mwingine kama rangi ya damu kabisa. Ana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo, lakini hapo muwe waangalifu sana, maana watoto wa sato nao wanalo. Usiamue kwa doa peke yake. Angalia mkia na kifua pamoja.

Nkejje dume ana madoa ya mviringo, ya njano au chungwa, kwenye pezi la chini karibu na njia ya haja. Ukiyaona hayo, huyo ni mwenyeji wa hapa. Lowesha mkono, mrudishe polepole.

Shida kubwa ni machotara. Sato wa Nile anazaana na ngege wa asili na mbiru, kwa hiyo utampata mwenye mistari nusu mkia, iliyofifia. Huyo siwezi kukuambia kwa macho ni nani, na yeyote anayesema anaweza namtilia shaka.

Kuhusu kunasa: ndoana ndogo, mshipi mwembamba, kielea chepesi, na nyungunyungu au donge la posho, yaani ugali, lililokandwa likakaza. Sato ana mdomo mdogo, anadonoadonoa. Ukivuta kielea kinapotikisika tu unamkosa. Ngoja kizame au kianze kutembea. Wa tumbo jekundu anapenda majani, kwa hiyo palipo na magugu ya majini mjaribu kwa jani laini la mboga lililokunjwa kwenye ndoana.

Mama Bwawa, Kajjansi

Mimi nafuga samaki, sivui kwa starehe, ila nina la kusema. Huku kwetu mvua ya Aprili au ya Novemba ikipiga usiku kucha, mabwawa yanafurika. Asubuhi watoto wanaokota samaki kwenye mfereji wa barabarani, na wengi ni kapi kutoka mashambani, samaki asiye wa Afrika mashariki kabisa. Maji ya huku yanateremka kwenye kinamasi, kisha ziwani.

Kumtambua ni rahisi ukishaambiwa. Angalia mdomo wa juu: ana vindevu vinne, viwili kila upande. Halafu pezi la mgongo ni refu, limeshika karibu nusu ya mgongo, na mwiba wake wa mbele una meno kama msumeno. Pitisha kidole taratibu kutoka nyuma utayasikia. Kisinja, samaki wetu wa asili anayefanana naye, anaweza kuwa na vindevu pia, lakini pezi lake la mgongo ni fupi. Kuna kapi wengine wana magamba makubwa machache tu na ngozi iliyobaki iko wazi.

Kapi anakula chini, anachimbachimba tope mpaka maji yanachafuka. Ukiona mfereji uliokuwa safi umegeuka chai ya maziwa bila mvua, weka chambo chini kabisa, bila kielea. Mahindi ya kuchemsha yanatosha. Kwa wafugaji wenzangu: wavu kwenye bomba la kutolea maji, na tuta liwe juu kuliko maji ya masika. Hili si gharama ya kukimbiwa.

Mzee wa Pakwach

Vijana, nawasoma. Huku kwetu sangara si mgeni, ni samaki wa babu zetu. Yumo Ziwa Albert na Nile ya chini tangu zamani. Maporomoko ya Murchison ndiyo yaliyomzuia asipande juu, mpaka binadamu alipombeba. Basi mkiandika "samaki wa kuletwa", andikeni na maji gani. Sato wa Nile pia ni wa kwetu.

Mshipi wa Luzira

Shikamoo mzee, na ahsante. Nakubali kabisa, tangu sasa kila mmoja ataje maji aliyovulia. Hata ndani ya Kampala ni muhimu: mtaro wa Nakivubo unamwaga Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Murchison, lakini maji ya kinamasi cha Lubigi yanaelekea kaskazini, kwenye mito inayoishia upande wa Kyoga. Kubeba ndoo ya samaki hai kutoka Ggaba ukaimwaga Lubigi ni kuvusha samaki mlima. Tafadhali tusifanye hivyo, hata kwa chambo hai.

Binti Kibuli

Jamani, naomba kuuliza. Kaka zangu wanavua Nakivubo, karibu na mafunjo. Wanaleta kambare na mamba, yaani samaki kamongo, lakini sangara hata siku moja. Kwa nini? Na je, wanaliwa?

Mshipi wa Luzira

Dada, swali zuri. Ndani ya mafunjo hewa ya oksijeni majini ni kidogo mno. Mamba ana mapafu, kambare naye anaweza kuvuta hewa ya juu, na baadhi ya nkejje wanavumilia. Sangara hawezi. Ndiyo maana vinamasi ni kimbilio la samaki wa asili, na kila tunapofukia kinamasi tunawafukuza waende mdomoni mwa sangara. Kaka zako wakimtaka sangara mdogo, waende kwenye maji ya wazi nje ya ukingo wa mafunjo, alfajiri au jioni, na chambo bandia kinachong'aa. Atajulikana kwa jicho lenye duara la njano na mkia wa mviringo. Akiwa chini ya sentimita 50 arudi majini, hiyo ni sheria. Sato ni 28.

Kuliwa: wa mtaroni hapana, dada. Mtaro ule unapokea majitaka, mafuta ya gereji na maji ya viwandani. Kukaanga kunaua vijidudu lakini hakutoi madini mazito. Na wakiingia majini wavae buti ndefu, kichocho kipo.

Mwalimu Katwe

Wanafunzi wangu wananiletea kwenye chupa visamaki vya mtaroni, dume lina mkia wa rangi rangi, jike tumbo limevimba na doa jeusi kwa nyuma. Ni gapi, wa mapambo. Waliwahi kuingizwa Uganda ili wale viluwiluwi vya mbu. Hawatagi mayai, wanazaa watoto wanaoogelea. Kimia cha chandarua kuukuu kinatosha kuwanasa. Nimewakataza watoto kuwamwaga kwenye ziwa la Kabaka.

Okello wa Munyonyo

Jana nimevuta mweusi, mapezi yana vidoa vyeupe vyeupe. Tumbo si jekundu. Ni nani huyu?

Kijana wa Ggaba

Ndugu Okello, inaelekea ni yule wa madoa meupe aliyetoka maziwa ya magharibi, Edward na Albert. Lakini weka picha tatu: ubavu mzima, pezi la mkia likiwa limefunguliwa juani, na pezi la mgongo likiwa limesimama. Usimpare magamba kwanza.