Feni ya hita inakubali namba 4 tu: kabla hujavuta waya kutoka kwenye betri

Kutoka Uyole, Mbeya

Habari za baridi, ndugu zangu wa ugenini.

Gari ni Corolla ya miaka ya 1990, ile yenye swichi ya feni ya kuzungusha kwa mkono. Lilikuwa likiendeshwa Dar kabla ya kuletwa huku. Feni ya hita haipigi namba 1, 2 wala 3. Ikifika namba 4 inapuliza, lakini kwa mlio wa kukwaruza. Alfajiri ukipanda Isyonje kuelekea Tukuyu kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani hadi barabara haionekani. Rezista, kile kidude kinachopunguza kasi ya feni, ilishabadilishwa mara moja, ikadumu wiki 3. Fundi sasa anataka kuvuta waya kutoka kwenye betri na kuweka swichi ya taa ya ukutani. Naombeni ushauri kabla hajaanza kukata.

Kutoka Iringa

Ndugu wa Uyole, mzuie kwanza huyo fundi. Dalili ulizotaja zinaonyesha kilichokufa, na kilichokiua bado kimo ndani ya gari.

Namba 4 inapiga kwa sababu haipiti kwenye rezista. Kwenye Toyota nyingi za umri huo umeme chanya unafika kwenye mota kupitia rilei ya hita (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha upande wa pili wa mota ndio unaotafuta ethi (bodi ya gari, upande hasi wa betri). Ukiweka namba 1, ethi inapatikana kwa kupitia koili zote za rezista. Namba 2 na 3 zinapita koili chache zaidi. Namba 4 inakwenda ethi bila kugusa koili hata moja. Kwa hiyo fyuzi, rilei na mota yako vyote vinapitisha umeme. Kilichokatika ni rezista, na mara nyingi si koili zake bali kile kifyuzi kidogo cha joto kilichopachikwa kati yake.

Sasa kwa nini idumu wiki 3? Rezista kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto. Tuseme mota inavuta ampea 4 kwenye namba ya chini na koili zina omu 2: hapo wati 32 zinakuwa joto tupu, sawa na chuma cha kulehemia redio. Ndiyo maana kiwandani waliipachika ndani ya njia ya hewa, ipoozwe na upepo wa feni yenyewe. Mota ikiwa nzito inavuta umeme zaidi, na papo hapo inazunguka polepole na upepo unapungua. Joto linapanda huku kipoozeo kinashuka. Kifyuzi kinakatika ili gari lisiungue. Ukiweka rezista mpya juu ya mota hiyohiyo, utarudi dukani baada ya wiki 3 nyingine.

Kwa hiyo anza na feni. Zima gari, toa ufunguo, fungua terminali hasi ya betri kwa spana namba 10, usubiri dakika 2. Kusubiri huko ni kwa ajili ya eabegi ya abiria, kama gari linayo, kwa sababu mikono yako itakuwa chini yake. Toa droo ya dashibodi upande wa kushoto. Chini kabisa utaona kitako cha plastiki cha duara kilichoshikwa na skrubu 3 na soketi ya waya 2: hiyo ndiyo feni. Pembeni yake, kwenye njia ya hewa inayoelekea katikati ya gari, kuna kidude chenye soketi ya waya 4 na skrubu 2: hiyo ndiyo rezista. Bisibisi fupi ya nyota na boksi namba 8 au 10 vinatosha. Skrubu ya nyuma ya feni ndiyo inayosumbua, kwa kuwa unaifikia kwa kupapasa, na ukiilazimisha kichwa kinalika. Lala chali sakafuni, tochi mdomoni, usiwe na haraka.

Kabla hujashusha mota, tazama soketi yake. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, hapo pameshapita joto kubwa: ama mota imekuwa ikivuta sana, ama pini imelegea. Soketi iliyoungua usiisafishe ukairudisha. Ikate, weka nyingine yenye waya usiopungua milimita za mraba 2.5, na ungio libanwe kwa koleo la kubania. Waya za kusokotwa na kuzungushiwa selotepu zitaungua tena palepale.

Ukishashusha feni utaona gurudumu kama kapu dogo lenye mapezi membamba kuzunguka pande zote. Huku kwetu, magari yanayolala chini ya misonobari, kuanzia Mafinga na mashamba ya Sao Hill, yana tatizo lake. Sindano za misonobari zinapita kwenye wavu ulio chini ya waipa, zinateremka hadi kwenye feni na kujisuka kati ya mapezi kama ukili, tena zikiwa zimeshikana na vumbi jekundu. Uchafu ukikaa upande mmoja gurudumu linakosa mizani, linatikisika, na mtikisiko huo unakula bushi za mota, zile pete zinazoshika shafti yake. Zitoe moja moja kwa koleo jembamba, kisha pitisha brashi ya rangi iliyo kavu. Usiloweshe mota maji. Ukiona vibanio vidogo vya chuma kwenye pezi mojawapo, viache. Viliwekwa kusawazisha mizani.

Halafu zungusha kapu kwa kidole kimoja. Likiwa zima litaendelea kidogo baada ya kuliachia na kusimama taratibu. Likisimama papo hapo, bushi ni kavu. Tone 2 za mafuta ya cherehani kwenye shafti, pale inapoingia kwenye bushi, na uzungushe mpaka yaingie. Grisi haifai, kwa sababu baridi ya Juni inaigandisha na haipenyi kwenye bushi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu hukauka upesi na kuacha bushi kavu kuliko mwanzo. Shafti ikicheza kushoto na kulia ukiitikisa, bushi zimelika, mafuta hayataiokoa. Tafuta mota nyingine.

Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, nazo zitazame. Zikibaki chini ya milimita 5, badilisha. Fundi wa kusuka mota anaweza kuchonga za mashine nyingine zikae sawa, mradi ziteleze ndani ya nyumba zake bila kukwama na springi zisukume kwa nguvu. Shaba ambayo kaboni zinasugua ipitishe msasa laini wa karatasi, namba 400 au 600, kisha kwangua kwa ncha ya wembe mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba, maana vumbi la kaboni likijaa humo linapitisha umeme.

Tukija kwenye waya wa betri: swichi ya ukutani imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ambao unajikata wenyewe mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inazimika. Umeme wa betri haukatiki, cheche inang'ang'ania na kuyeyusha swichi. Waya usio na fyuzi ukipita kwenye ukuta wa injini utachubuliwa na bati, na siku utakapogusa bodi hakuna kitakachouzuia kuwaka. Tena feni hiyo itapiga hata ufunguo ukiwa mfukoni: ampea 15 zinamaliza betri ya ampea 45 kwa takriban saa 3. Na baada ya hatari yote hiyo unapata namba 4, ambayo tayari unayo.

Kutoka Njombe

Naongezea hapo alipoishia ndugu wa Iringa, kwa sababu gari limetoka Dar. Feni inaweza kupona kabisa na bado ikapuliza hewa ya baridi, na hilo ni tatizo la maji, si la umeme.

Joto la Dar halimfundishi mtu kutumia hita. Rejeta ndogo ya hita ikivuja huko, wengi wanaunganisha hosi zake 2 kwa kipande cha bomba, maji yanazunguka bila kuingia ndani ya gari, na maisha yanaendelea. Fungua boneti utazame ukutani nyuma ya injini. Hosi 2 zinapaswa kuingia ndani ya gari. Ukikuta zimekunjwa na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe, umepata jibu.

Zikiwa mahali pake, washa injini dakika 15, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha shika hosi zote 2 kwa uangalifu. Zote zikiwa za moto, rejeta ya hita inapitisha maji, tafuta kebo au kilango cha hewa kilichokwama nyuma ya dashibodi. Moja ya moto na nyingine ya baridi: valvu ya hita haifunguki au rejeta imeziba. Zote vuguvugu: ama maji yamepungua, ama thamostati (valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto) imetolewa. Hilo la thamostati ni la kawaida sana. Fundi wa ukanda wa joto anaitupa akiamini anaponya injini isichemke. Ukija nalo huku, mshale wa joto unashuka kila ukiteremka mlima mrefu, injini inakula mafuta, na hita haipati moto. Rudisha thamostati, nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82.

Rejeta ndogo iliyoziba inasafishwa kwa kuingiza maji kinyume, kupitia hosi ya kutokea, hadi yaliyo safi yatoke. Tumia bomba la bustani kwa msukumo mdogo. Mashine ya kuoshea magari itaipasua, na kuibadilisha kunataka dashibodi yote ishuke. Ukimaliza jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Anayelala Makete au kupita Kitulo usiku wa Juni na Julai asiweke maji matupu hata kidogo, kule yanaganda.

Na asubuhi ya barafu msimwagie kioo maji ya moto. Kinapasuka.

Kutoka Uyole, Mbeya

Asanteni sana, wakubwa. Waya haujakatwa.

Feni imeshushwa. Kapu lilikuwa na majani makavu na kipande cha kiota cha panya. Shafti haichezi ila kapu lilikuwa zito, sasa limelainika kwa mafuta ya cherehani. Kaboni zina milimita 7. Soketi ya mota ni ya kahawia upande mmoja. Hosi za hita zote 2 ni za moto. Maswali yamebaki mawili: rezista ya mtumba itafaa, au kile kifyuzi cha joto kinaweza kubadilishwa peke yake? Na nitajuaje kwamba mota sasa haivuti sana?

Kutoka Iringa

Kazi nzuri, ndugu. Na pole kwa panya. Huyo anarudi msimu ujao asipozibiwa. Chini ya wavu wa waipa kuna tundu la hewa. Kata wavu wa chuma wa matundu madogo, uukaze juu yake kwa skrubu, si kwa gundi. Ukiwa hapohapo toa majani yaliyojaa kwenye mfereji na uhakikishe njia ya kutolea maji iko wazi. Ikiziba, maji ya mvua za masika yanapanda na kudondokea mota kwa juu, na bushi ulizopaka mafuta zitashika kutu.

Soketi ya kahawia badilisha kabla ya rezista.

Mtumba unafaa, lakini ipime hapohapo dukani. Weka mita kwenye omu na upime kati ya pini: kila jozi ionyeshe namba ndogo, omu chache tu au chini ya moja, na isiwepo hata jozi moja iliyokatika. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi, utoe namba hiyo kwenye kipimo, la sivyo mita ya bei nafuu itakudanganya. Tazama na koili: zisiwe zimeinama zikagusana wala kuwa na kutu nyeupe.

Kifyuzi cha joto kinabadilika peke yake, mradi namba ya nyuzi na ampea zilizoandikwa ubavuni ziwe zilezile. Mtego uko kwenye kulehemu, kwani joto la chuma linakikata hata kabla hakijafanya kazi. Ama kibane kwa kiungio cha chuma bila kulehemu, ama shika mguu wake kwa koleo kati ya mwili wa kifyuzi na mahali unapolehemu, ili koleo linywe joto, na usizidishe sekunde 3. Usikiruke kwa kipande cha waya. Hicho ndicho kinachozuia plastiki ya njia ya hewa isishike moto.

Kuhusu kupima, multimita ya kawaida inaishia ampea 10, na namba 4 itaiunguza fyuzi yake ya ndani. Omba mita ya kubana inayopima umeme wa betri, si ile ya umeme wa nyumba pekee. Bana waya mmoja wa mota, feni ikiwa imesharudishwa mahali pake, maana ikipimwa nje inasukuma hewa bila kizuizi na kipimo hakilingani. Namba 4 kwenye gari dogo kama lako iwe karibu na ampea 15. Ikipita 20, mota bado ni nzito, irudishe mezani.

Kama gari lina chujio la hewa ya ndani nyuma ya droo, litoe pia. Chujio likiziba, mota inakosa hewa ya kusukuma: inazunguka kwa kasi na kupiga mluzi, lakini upepo wa kuipooza rezista haupo. Mpaka rezista ipatikane, tumia namba 4, geuza kilango cha hewa kichukue ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, washa AC pamoja na hita, na ufute kioo kwa ndani kwa kitambaa chenye sabuni kidogo ya vyombo, kisha kikavu. Kioo chenye mafuta ya vidole kinashika ukungu upesi kuliko kilicho safi.