Mjadala: Mtu wa kazi kutwa asome Plato na Plotinus, au awaachie wenye nafasi zao?

Wakuu, hili swali limetugawa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, naomba tulichangie kwa hoja. Jamaa wa kupakia malori anasema falsafa ya kina Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni starehe ya walioshiba, mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mizigo ya dagaa akipata nusu saa bora alale. Mwingine aliyepita seminari anasema isomwe, ila na wenye muda wa kutulia, vipande vipande kwenye simu ni kujidanganya.

Mimi nawapinga wote wawili.

Plotinus, mfuasi wa mawazo ya Plato aliyekuja karne nyingi baadaye, watu wanamchukulia kama mzee wa kujifungia ndani. Huyu alisoma Alexandria, akahamia Roma akiwa na miaka 40, na mwanafunzi wake Porphyry aliyeandika maisha yake anasema wakubwa wa Roma wakikaribia kufa walimkabidhi watoto wao pamoja na mali, nyumba ikajaa yatima, na mzee alikuwa anakaa kabisa kukagua hesabu zao, anasema hawa wasipokuja kuwa wanafalsafa basi wakute mali yao haijaguswa. Bado alisuluhisha kesi za watu miaka 26. Na ukimkatisha anaandika anaongea na wewe vizuri tu, ukiondoka anaendelea palepale alipoishia. Mimi ni karani wa mzani, naitwa huku mara kule, hapo ndo nilipomkubali huyu mtu.

Hilo la vipande nalo. Maandishi yake 54 ni Porphyry aliyekuja kuyapanga mafungu 6 ya tisa tisa, na mengi yalitokana na maswali ya darasani. Kuna wakati Porphyry alimbana siku tatu mfululizo kuhusu roho inavyokaa na mwili, mgeni mmoja akachoka akataka hotuba iliyonyooka, Plotinus akamjibu tusipotatua maswali ya Porphyry hatutakuwa na cha kuandika. Kwa hiyo kusoma aya moja ukabaki unabishana nayo siku nzima sioni kosa lake. Kwanza sisi wa dagaa muda tunao, unafuata mwezi tu: wakati wa giza nasoma kidogo kidogo, mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mizani inakaa bure, ndo nasoma ndefu. Tafsiri ya zamani ya Stephen MacKenna iko bure mtandaoni, Kiingereza chake kigumu lakini kinasomeka.

Ila jamaa wa malori ana hoja moja nzito na siwezi kuikwepa. Plato mwenyewe kwenye Theaetetus, kitabu chake cha mazungumzo, anamfanya Socrates, mwalimu wake, aseme wanafalsafa wana nafasi, wanaongea mpaka watosheke, wakati watu wa mahakamani wanakimbizwa na saa ya maji, chombo cha kupimia muda wa kuongea. Na Athens ile nafasi wengi waliipata kwa jasho la watumwa, tusifiche. Lakini someni mazungumzo yale mpaka mwisho, Socrates anaaga kwa sababu anatakiwa akajibu mashtaka aliyofunguliwa na mtu anaitwa Meletus, yaleyale yaliyomuua mwaka 399 KK, na kabla hajaondoka anamwambia Theodorus, mmoja wa waliokuwa wanaongea naye, kesho asubuhi tukutane tena hapa. Mtu ana kesi ya kufa na bado anapanga kikao cha kesho, sasa anayesema tusubiri kwanza tupate nafasi aje aeleze hapa hiyo nafasi inaanzia wapi.